Majalada mawili ya binti mmoja

Jalada la kwanza lilifunguliwa mwezi wa pili, kliniki ya wagonjwa wa nje. Mwandiko wa daktari unasomeka kwa taabu: tumbo linauma, kakonda, hedhi imekatika, VVU hasi, mimba hasi, kifua kikuu hasi. Akaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo na kuambiwa aache pilipili na maharage. Jalada la pili lilifunguliwa mwezi wa nane, saa sita usiku, chumba cha dharura. Sehemu ya hilo niliiandika mimi, na maneno yangu nayakumbuka: jaribio la kujiua, miaka 16, mwanafunzi, chanzo ugomvi na mama kuhusu simu.

Mgonjwa ni huyo huyo. Majalada yalikaa masjala moja, shelfu mbili tofauti, kwa wiki tatu nzima baada ya usiku ule, nami sikuyatafuta. Nilikuwa nimeshapata chanzo changu. Kila afisa ustawi wa jamii wa hospitali za huku kwetu Mbeya ana jaribio la kujiua lenye simu ndani yake, na simu ni jibu tamu: inaeleweka na polisi, inaeleweka na baba, na inajaa kwenye mstari mmoja wa fomu.

Naandika kwa ruhusa ya binti na ya mama yake. Nimegeuza mambo ya kutosha ili hata jirani wa ukuta mmoja asiwatambue. Njia aliyotumia sitaitaja, wala kilo zake. Mwenyewe ndiye aliyeniomba nisitaje. "Anti, usiandike namba. Mimi ningeisoma namba tu, mengine ningeruka." Anajua anachosema. Wasichana walio katika hali yake husoma maandishi ya namna hii wakitafuta wa kushindana naye.

Utepe wa fundi

Kwao ni Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepuka kutoka barabara kuu. Baba ni dereva wa lori, na sehemu kubwa ya maisha yake inaishia kwenye foleni ya Tunduma akingoja kuvuka kwenda Zambia. Mama ana kibanda cha mchele Mwanjelwa. Watoto ni wanne, yeye wa pili, na tangu darasa la tatu nyumba nzima ilimwita Bonge. Jina hilo naliandika mara hii tu. Kaka yake ndiye aliyelianzisha, na leo anaapa lilikuwa la mapenzi; namwamini. Kwetu mtu akirudi safari hupokelewa kwa "umenenepa, mambo si mabaya," naye hucheka. Unene una heshima yake. Lakini heshima hiyo ni ya mama mwenye kibanda chake na ya mzee mwenye shamba la parachichi. Msichana wa miaka 14 katika bweni la wasichana tupu hupimwa kwa kipimo kingine.

Na kwake kipimo kilikuja kwa miguu. Shule yake iko mkoa wa Iringa, kwenye ule ukanda wa baridi ambako mwezi wa sita na wa saba watu hulala na masweta. Akiwa kidato cha pili, kwaya ilishonewa sare. Fundi alikuja na utepe, akawapanga mstari nje ya bwalo, akawa anapima na kuita namba kwa sauti ili msaidizi wake aandike daftarini: kifua, kiuno, nyonga. Zamu yake ilipofika msaidizi akauliza, "Ngapi? Rudia." Fundi akarudia. Mstari ukacheka.

Basi. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyempiga. Fundi akaenda kwa msichana aliyefuata. Lakini tukio hilo binti alinisimulia kwa dakika zinazokaribia ishirini, akikumbuka hata rangi ya utepe na nani alikuwa nyuma yake. Usiku wa jaribio la kujiua alinisimulia kwa dakika tatu.

Mfungo usioulizwa

Alianza kwa kuacha chakula cha usiku. Wenzake walikiona haraka, wakamtania kwamba anajinyima, na utani huo ndio uliomfundisha kutafuta pa kujificha. Pa kujificha palikuwepo: bwenini kulikuwa na kikundi cha maombi. Akajiunga. Wenzake wakifunga siku moja kwa wiki, yeye alifunga tatu. Wakifunga tatu, yeye saba. Akawa binti wa maombi. Msichana wa kidato cha nne alimtolea ushuhuda mbele ya wote kwamba Mungu amempa neema ya kushinda mwili.

Sina ugomvi na mfungo, mwenyewe nafunga Kwaresima. Ila mfungo una sifa moja ambayo kujinyima kwa kawaida hakuna: mtu haulizwi kwa nini hali, na akizidisha anasifiwa. Nilipomwuliza alikuwa akiomba nini siku hizo saba, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa naomba nisisikie njaa."

Likizo ya Desemba akashuka stendi na begi lililomzidi. Mama aliniambia alimpita mara moja bila kumtambua. Huku Nyanda za Juu Kusini kukonda kuna tafsiri yake ya haraka, na mama aliisoma kama jirani yeyote angeisoma. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi nzima ni 4.4. Kila ukoo umezika. Basi mama alimpeleka kupima VVU kabla ya kumwuliza anakula nini. Majibu yakatoka hasi, mama akalia kwa furaha barabarani, na furaha hiyo ikafunga mjadala.

Januari shule ikafunguliwa, wasichana wakapimwa mimba, mkojo kwenye kopo kama ilivyo desturi ya shule nyingi za bweni. Yeye hedhi ilikuwa imesimama tangu mwezi wa kumi. Matroni alikitazama kipimo mara mbili. Hasi. Hedhi husimama mwili unapozidiwa na njaa, maana mwili usio na akiba hauwezi kubeba ujauzito na hufunga mlango huo mapema. Lakini akilini mwa watu hedhi iliyokatika ina maelezo mawili, mimba au uchawi, na la kwanza lilikuwa limeshaondolewa. Kikundi cha maombi kikashughulikia la pili.

Kwa hiyo kufikia mwezi wa pili, aliporudishwa nyumbani akizimia kwenye paredi ya asubuhi, binti alikuwa na vipimo visafi mkononi. Kila kipimo kilimwondolea tuhuma moja, wala hakuna swali jipya lililoingia mahali pa lile lililotoka. Daktari wa kliniki alikuwa na foleni ndefu nje ya mlango. Aliuliza tumbo, akajibiwa tumbo.

Hapa niseme jambo linalotuhusu sisi wa kada za afya. Mkoa wa Iringa una mahindi, viazi, nyanya, maharage na maziwa, na bado takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha udumavu kwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Ndiyo maana semina zetu za lishe zote ni za mama na mtoto, siku elfu moja za mwanzo, unga wa lishe na mboga za majani. Ni haki. Nimekaa kwenye semina nyingi za namna hiyo, na sikumbuki hata moja iliyotaja msichana anayekataa sahani iliyojaa. Nilipomweleza mwenzangu mmoja ninachoshuku, mtu mwenye uzoefu kunizidi, alicheka: "Huo ni ugonjwa wa wazungu."

Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, nao walidhani hivyo. Kule unene ulikuwa na heshima kuliko hata kwetu, na mgeni alikaribishwa kwa kuambiwa ale. Televisheni iliingia wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Mtafiti kutoka Marekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa sekondari mwaka huo, kisha akawauliza wengine wa shule hizo hizo mwaka 1998. Mwanzoni hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Binti wetu hakuhitaji televisheni. Alikuwa na utepe wa fundi, na baadaye simu ya mama.

Tranka

Kuanzia mwezi wa tatu mwili ulianza kudai deni lake. Wanaojua maradhi ya ulaji kwa juu juu hufikiri kuna wanaojinyima upande huu, anoreksia, na wanaokula kupindukia kisha wakajitapisha upande ule, bulimia. Katika maisha ya kweli wengi huvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mara nyingi anayejinyima ndiye anayevuka, kwa sababu njaa haikubali kutawaliwa milele.

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 wa kiume waliojitolea, watu wazima wa mwili na akili, ili kujua jinsi ya kuwalisha walioachwa na njaa ya vita. Vijana wale walianza kuwaza chakula mchana kutwa. Wakasoma vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wakajitenga, wakawa wepesi wa hasira, wengine wakazama katika huzuni nzito. Wapo waliovunja masharti na kula kwa siri kisha wakajilaumu vibaya. Hakuna aliyekuwa na shida ya umbo lake. Njaa peke yake ilitosha kuwafanya hivyo.

Nilipousoma utafiti huo nilimwona binti katika kila mstari. Bwenini kila msichana ana tranka, na ndani ya tranka kuna karanga, sukari, maziwa ya unga, mikate ya siku ya kutembelewa. Alianza kuiba. Alikula haraka, usiku, bila kusikia ladha, kisha akajitapisha, kisha akafunga siku mbili ili kulipa. Mwezi wa saba walimkamata na kufuli la mwenzake mkononi. Akasimamishwa mbele ya paredi, binti wa maombi, akaitwa mwizi, na akarudishwa nyumbani na barua ya kusimamishwa masomo. Shule siilaumu sana. Chakula cha wenzake kilikuwa kimeibwa kweli, na wazazi walikuwa wakipiga simu. Lakini hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto anayekataa chakula bwaloni anavunja tranka usiku.

Basi la kurudi Mbeya lilipita Makambako mchana. Anasema ndipo alipolifikiria wazo la kujiua kwa mara ya kwanza, dirishani, na kwamba halikumtisha. Hilo neno la pili ndilo ningependa wenzangu wa hospitali walisikilize vizuri zaidi kuliko la kwanza.

Nyumbani alikaa wiki tatu. Simu ya mama aliitumia kutazama video za wasichana wanaojipima viuno. Mama akaikuta, akadhani ni mambo ya wanaume, akaipokonya, wakagombana. Katika kugombana mama alisema maneno ambayo kila mzazi anayelipa ada ameshawahi kuyasema: kaka yako kaacha chuo kwa ajili ya ada yako, na wewe unaniletea barua. Usiku huo ndio jalada la pili.

Familia ilipofika mapokezi ilisema ni ajali. Kwa Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa, na kila mtu anajua kwamba PF3, ile fomu ya polisi, itaombwa na askari anaweza kuja wodini. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mgonjwa huyo na mama yake walijifunza hospitalini ni kuficha. Ghana iliondoa kosa hilo mwaka 2023. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu chao kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kwetu bado, na mimi nachukua historia ya mgonjwa huku amenikalia roho juu, akitazama mlango.

Mzigo

Wiki ya tatu ya kliniki ya ufuatiliaji, alikuja na sweta zito siku ya jua. Nikamwuliza kwa kuongea tu:

"Hujisikii joto?"

"Hapana anti. Nasikia baridi siku zote."

"Unakula?"

"Nakula."

"Umekula nini leo?"

Akatazama chini. Mama akadakia, "Huyu? Huyu tangu kidato cha pili ni mtu wa kufunga. Na yale matumbo yake." Matumbo gani? Ndipo nikasikia habari ya jalada la mwezi wa pili. Nilikwenda masjala mwenyewe.

Miadi iliyofuata nilimwomba mama akae nje. Nikamwambia binti sijamwita kwa ajili ya simu, na kwamba yale niliyoandika usiku ule nadhani nilikosea. Akalia kidogo. Kisha akasema sentensi ambayo bado inanisumbua: "Nilitaka tu kupunguza mzigo."

Niliandika daftarini: *picha mbaya ya mwili, anajiona mzito.* Nikaendelea kuuliza habari za umbo, kioo, nguo. Alinijibu kwa adabu kwa muda, kisha akanikatiza. "Anti, sisemi mwili. Nasema kwa mama. Ada."

Neno moja lilikuwa limebeba mambo mawili, na kwake hayakuwa mawili. Mwili ulikuwa mzigo kwake, naye alikuwa mzigo kwa kwao. Alianza kwa kujaribu kuupunguza wa kwanza. Uliposhindikana kupungua, au kila ulipopungua asitosheke, ukabaki ule wa pili.

Thomas Joiner, mwanasaikolojia wa Florida, anaeleza kujiua kwa mambo matatu yanayokutana: mtu kujiona ni mzigo kwa wengine, kujiona hana pa kwake miongoni mwao, na kuwa amezoea maumivu kiasi kwamba woga wa asili umepungua. Nadharia yake Wamarekani wanahitaji maelezo marefu kuielewa. Jambo la kwanza Mswahili huliona katika neno moja. Pa kwake: paredi ya mwezi wa saba ilimnyang'anya. Na la tatu ndilo linaloyaunganisha majalada yangu. Mtoto aliyejizoeza kwa mwaka mzima kuidharau njaa, kuidharau baridi, kuyadharau maumivu ya koo na tumbo, ameufundisha mwili wake kwamba ukilia hausikilizwi. Woga wa kifo nao ni kilio cha mwili. Ndiyo maana dirishani pale Makambako halikumtisha.

Kwa takwimu jambo hili si jipya. Shirika la Afya Duniani linakadiria zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi, na uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2011 ulikuta kwamba kati ya kila wagonjwa watano wa anoreksia waliokufa, mmoja alijiua. Majaribio ya kujiua hutokea zaidi kwa wanaojitapisha kuliko kwa wanaojinyima tu. Hili la mwisho lingenisaidia sana mwezi wa nane, kama ningejua kwamba mgonjwa wangu alivuka mstari huo mwezi wa tatu.

Sitaki kudai kwamba njaa ndiyo iliyosababisha yote. Huenda huzuni ilikuwepo kabla ya utepe. Mama anakumbuka mtoto mnyamavu tangu utotoni. Kuna wasichana wengi waliochekwa na mafundi wakarudi kula ugali wao jioni. Ninachoweza kutetea ni kwamba maradhi haya mawili yalilishana, kila moja likimpa mwenzake nguvu, na kwamba tuliyatibu kama majirani wasiofahamiana.

Bibi na sahani

Tulianza na mwili, kwa sababu mazungumzo na ubongo wenye njaa hayaendi mbali. Vipimo vya damu, potasiamu kwanza, maana kutapika huishusha na ikishuka moyo huyumba. Kipimo cha moyo. Chakula kidogo kidogo chini ya daktari: mwili uliokaa na njaa ukilishwa kwa pupa, madini ya damu huporomoka na mtu anaweza kufa akiwa ameshika kijiko. Wauguzi wa wodi ya watoto walinielewa mara moja, ndiyo maana wao, kwa watoto wenye utapiamlo mkali, huanza na maziwa mepesi ya tiba, F-75, kabla ya yale mazito, F-100. Mama alikuwa ameshapika supu ya kongoro sufuria nzima.

Daktari wa afya ya akili alimwanzishia fluoksetini, inayosaidia katika kula kupindukia na kujitapisha, kwa onyo kwamba kwa vijana wiki za mwanzo zinahitaji jicho la karibu, maana mawazo ya kujiua yanaweza kupanda kabla ya kushuka. Nyumbani dawa zote, za hospitali na za shambani, zilihamia kwenye sanduku la kufuli kwa jirani. Mama aliona ni aibu. Nikamwambia wazo la kujiua mara nyingi hupanda kwa kasi na kushuka, na kila dakika anayotumia mtu kutafuta funguo ni dakika ya kushuka. Tukaandika karatasi moja: dalili zake mwenyewe za hatari, watu watatu wa kuwaamsha hata saa nane usiku, na namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Karatasi iko nyuma ya mlango wa chumba.

Kuhusu sahani, njia yenye ushahidi mzuri kwa vijana ni ile iliyoanzia Hospitali ya Maudsley, London: wazazi huchukua usukani wa chakula kwa muda, wanakaa mezani mpaka kiishe, bila kugombeza na bila kubembeleza, kisha wanaurudisha usukani taratibu. Lakini mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Mwanjelwa. Baba yuko Tunduma. Nani akae mezani?

Alikuja bibi kutoka Tukuyu, mama yake mama, na kapu la ndizi. Sikumfundisha mengi. Alipika mbalaga, akapakua sahani mbili zinazolingana, akakaa mkekani mkabala na mjukuu wake, akala yake polepole akisimulia habari za watu waliokufa zamani. Sahani ya mjukuu isipokwisha haondoki, hata kama ni saa moja na nusu. Baada ya kula humshika mkono wakatembea mpaka barabarani na kurudi, kwa hiyo nafasi ya kwenda chooni peke yake haikuwepo. Hilo la kutembea hakuna aliyemwambia.

Siku ya nne, akiwa anamenya ndizi, alimwuliza: "Bado unataka kufa?"

Mama aliniletea habari hiyo akitetemeka, akidhani bibi kaharibu kila kitu. Sisi wengi tunaogopa swali hilo tukidhani linapanda wazo. Tafiti hazikuona hivyo. Kumwuliza mtu waziwazi hakumtii wazo ambalo hana, na wengi husema walipumua. Binti alimjibu bibi yake, "Siku nyingine ndiyo, leo hapana." Bibi akasema, "Haya, siku ya ndiyo uniamshe." Nimekaa darasani miaka mitatu kujifunza mpango wa usalama wa mgonjwa, na sijawahi kuusikia ukisemwa kwa ufupi huo.

Mchungaji naye tulimwita. Nilitarajia mabishano. Alisikiliza, akauliza maswali mawili, kisha akamtangazia binti kwamba mgonjwa hafungi chakula, na kwamba akitaka kufunga afunge simu. Binti alikasirika kuliko siku zote nilizomwona. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba tumepajua pa kujificha.

Haikuwa njia iliyonyooka. Mwezi wa tano wa matibabu, bibi aliporudi Tukuyu kuvuna, binti alianza kuruka kamba usiku chumbani, na mdogo wake ndiye aliyesema. Kuna usiku mmoja karatasi ya nyuma ya mlango ilitumika kweli; wa kwanza kuamshwa alikuwa kaka yake, yule yule wa jina, na alikaa naye mpaka asubuhi wakicheza karata. Hedhi ilirudi mwezi wa saba. Shule nyingine ya kutwa hapa mjini ilimpokea arudie kidato cha tatu, na anakula chakula cha mchana nyumbani kwa mwalimu wa malezi, kwa mpango ambao mwalimu huyo alijitolea mwenyewe.

Bado anahesabu. Ananiambia ukweli siku hizi: anahesabu matonge, na kuna siku anayahesabu mpaka kumi kisha anajilazimisha la kumi na moja. Kujiua anasema amelifikiria mara mbili muhula huu, zote mbili baada ya kujitapisha, na zote mbili alimpigia bibi.

Baba hajawahi kufika kliniki. Tulizungumza naye kwa simu mara moja, injini ikinguruma nyuma yake, akauliza binti anahitaji pesa ngapi. Nikamwambia safari hii hatuhitaji pesa, tunahitaji akae naye mezani Jumapili moja. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema atakuja foleni ikipungua.